Paipu Nne na Vipande vya Hosi: Historia Fupi ya Manifoldi ya Hewa

Najua nimekaa kimya muda mrefu, na najua niliahidi kumaliza ile makala ya hifadhidata. Itangoja. Kwa miezi miwili sasa, jioni zangu nyingi na Jumamosi zote zimeishia kwenye gereji moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, nikiijengea Corolla yangu kuukuu manifoldi mpya ya hewa. Katika kazi hiyo nilifanya kosa moja la kipumbavu, nikasahihishwa na fundi ambaye hajawahi kugusa tarakilishi, na baadaye nikagundua kwamba wahandisi fulani wa Detroit walikuwa wamefanya kile kile alichotaka fundi huyo, mwaka 1959. Basi leo ni historia. Programu zitakuwemo, lakini kidogo.

Kwa wale ambao boneti ya gari lao hufunguliwa na makanika peke yake: manifoldi ya hewa ni lile bomba lenye matawi linaloleta hewa kutoka kwenye filta mpaka kwenye silinda. Injini yangu, Toyota 4A-GE ya cc 1,587, ina silinda nne, kwa hiyo matawi manne. Ukiitazama haraka utadhani kazi yake ni kama ya bomba la maji, kwamba mradi lisizibe mambo ni sawa. Mimi pia niliamini hivyo miaka mingi. Kumbe hewa ndani ya paipu zile haitiririki kama maji. Inakwenda na kurudi, kwa mawimbi, mara nyingi kila sekunde, na anayejua kuyahesabu mawimbi hayo anapata nguvu ya bure.

Iko hivi. Pistoni inaposhuka huku valvu ya kuingiza ikiwa wazi, inavuta hewa. Mvuto huo unapanda kwenye paipu kama wimbi la upungufu wa shinikizo, kwa kasi ya sauti, yaani mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Wimbi likifika mwisho wa paipu, pale inapofunguka kwenye chemba, linageuka. Lilikwenda kama upungufu, linarudi kama msukumo. Msukumo huo ukiifikia valvu kabla haijafungwa, unaingiza kwenye silinda hewa ambayo pistoni peke yake isingeweza kuivuta. Umewahi kumwona makanga wa matatu akiwasukuma abiria wawili wa mwisho kwa bega na kufunga mlango papo hapo? Ndivyo. Akisukuma mlango ukiwa umeshafungwa ni kazi bure. Akisukuma mapema mno, abiria wanatoka tena nje.

Injini iliyopatiwa hivyo inaweza kumeza hewa nyingi kuliko ujazo wa silinda zake, bila turbo, bila mkanda, bila kifaa chochote kinachozunguka. Kinachohitajika ni urefu wa paipu ulio sahihi. Na hapo ndipo shida inapoanza, maana urefu ni mmoja lakini kasi za injini ni nyingi. Paipu ndefu inalipa injini ikizunguka polepole, kwa sababu wimbi lina muda wa kwenda mbali na kurudi. Injini ikienda kasi, valvu hufungwa wimbi likiwa bado njiani. Paipu fupi ni kinyume chake. Lazima uchague unataka nguvu yako wapi.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mjerumani Hermann von Helmholtz alichunguza mwangwi wa hewa iliyofungwa ndani ya vyombo katika karne ya 19, na kila mtoto aliyewahi kupuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda ameirudia kazi yake bila kujua. Watengenezaji wa injini nao walijua mapema kwamba urefu wa paipu una maana. Mercedes-Benz 300SL ya mwaka 1954, ile yenye milango inayofunguka kwenda juu, ilinyunyiziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo paipu zake zilibeba hewa tupu na wahandisi wakawa huru kuzirefusha wapendavyo. Fungua boneti ya gari lile utaona paipu zilizopindwa zikijaza nafasi kubwa upande mmoja wa injini. Lakini hilo lilikuwa gari la matajiri, lililotoka kwa kampuni kubwa yenye pesa. Hadithi inayonivutia mimi ni nyingine.

Mwezi Juni 1957 chama cha watengenezaji wa magari cha Marekani kilipitisha azimio kwamba kampuni wanachama zijitoe kwenye mashindano ya magari. Kampuni ziliitikia hadharani, ingawa si zote zilizolitii azimio hilo faraghani. Kwa wahandisi vijana waliokuwa wameajiriwa Chrysler kwa sababu walipenda mbio, hii ilikuwa habari mbaya. Kazini walikuwa wanabuni vipande vya magari ya familia. Basi wakafanya kile ambacho sisi watu wa programu tunakijua sana: wakaanzisha mradi wa pembeni. Wakaunda klabu yao, wakaiita Ramchargers, na wakawa wanakutana baada ya saa za kazi, wakichanga pesa zao wenyewe kutengeneza gari la mashindano. Mmoja wao alikuwa Tom Hoover, kijana aliyesomea fizikia, ambaye miaka michache baadaye angesimamia kazi ya injini maarufu ya 426 Hemi.

Gari walilolichagua lilikuwa kichekesho. Plymouth ya mwaka 1949, aina ya kupe ya wafanyabiashara, gari ambalo mchuuzi wa mlango kwa mlango angelitumia. Walilipa jina la High and Mighty, na jina lilifaa, kwa sababu lilisimama juu kama mbuni. Sababu ilikuwa ya kihesabu. Kwenye mbio za robo maili unaanza ukiwa umesimama, na kinachokupeleka mbele ni mshiko wa tairi za nyuma. Uzito wa gari ukiwa juu zaidi, gari linapochomoka uzito mwingi zaidi huhamia nyuma na tairi zinashika vizuri. Wengine walishusha magari yao karibu na lami ili yapendeze. Hawa waliliinua lao, wakachekwa, wakaendelea.

Ndani yake waliweka injini ya V8 aina ya Hemi, ya inchi za ujazo 354, karibu lita 5.8. Na juu ya injini hiyo wakajenga kitu ambacho leo wapenzi wengi wa mbio za robo maili wanakitambua kama baba wa manifoldi zinazoitwa tunnel ram. Paipu nane zilipanda wima kutoka kwenye injini, ndefu, zikaishia kwenye chemba moja, na juu ya chemba hiyo zikakaa kabureta mbili. Haikuwa imesubiwa kiwandani. Ilikuwa kazi ya mkono. Na paipu hazikuwa za kipande kimoja kutoka chini mpaka juu. Sehemu ya chini na sehemu ya juu ziliunganishwa kwa hosi za mpira.

Hosi za mpira. Shikilia hapo, nitarudi.

Kabla sijarudi, niseme kidogo kuhusu mbio zenyewe. Mwaka 1959 mashindano makubwa ya kitaifa ya NHRA yalifanyika Detroit Dragway, yaani nyumbani kwao kabisa. Gari la High and Mighty lilishindana katika kundi la C/Altered, huku bomba zake za moshi zikiwa na midomo mipana kama tarumbeta. Mshangao haukuwa tu kwamba lilikuwa na kasi. Lilikuwa linafundisha. Lilikuwa maabara yenye magurudumu manne, na waliolijenga walirudi ofisini Jumatatu asubuhi wakiwa na namba ambazo hakuna bosi aliyewatuma kuzitafuta.

Wakati huo huo, ndani ya kampuni, wazo la mawimbi lilikuwa linaingia kwenye magari ya kuuzwa dukani. Mwaka 1960 Chrysler walitoa gari lao la 300F. Injini ilikuwa ya inchi za ujazo 413, lita 6.8 hivi. Boneti ya gari la heshima haiwezi kutobolewa ili paipu zitokeze juu, kwa hiyo wahandisi wakazilaza. Kabureta iliyolisha silinda za upande wa kushoto ilikaa nje kabisa upande wa kulia, na ya silinda za kulia ikakaa kushoto, na paipu zikapita juu ya injini zikikatizana kama mikono iliyokunjwa kifuani. Kila njia ilikuwa na urefu wa inchi 30, yaani sentimita 76. Plymouth nao waliuza toleo lao la mfumo huo kwa jina la SonoRamic. Sono, sauti. Hata jina la biashara lilikuwa limekiri kwamba hii ni kazi ya sauti.

Namba za 300F ndizo zilizonifanya nifungue tarakilishi. Ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 375 kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, lakini toki yake ya juu kabisa, futi-pauni 495, ilifikiwa kwenye mizunguko 2,800 tu. Hesabu hii unaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi. Wimbi linakwenda sentimita 76 na kurudi sentimita 76, jumla mita 1.52. Kwa mita 343 kwa sekunde inachukua milisekunde 4.4. Kwa mizunguko 2,800 kwa dakika, katika muda huo krenki inageuka digrii 75 hivi. Ukiongeza ile njia fupi iliyo ndani ya silinda hedi, unakaribia digrii 85.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu pistoni hushuka kwa kasi yake kubwa zaidi ikiwa imefika digrii 75 hivi baada ya kilele, na hapo ndipo inapovuta kwa nguvu kabisa. Wimbi lililoanza hapo, likirudi digrii 75 hadi 85 baadaye, linaikuta pistoni ikikaribia chini, valvu bado iko wazi, na mwendo wa pistoni wenyewe umeshapungua. Msukumo unafika wakati mvuto umechoka. Vijana wale walihesabu haya kwa rula ya hesabu, ile yenye ulimi unaotelezeshwa, na gari likatoka vile vile walivyohesabu. Nilipoona namba zinaoana nilisimama kutoka kitini. Nina hakika waliokuwa ofisini walidhani hatimaye nimepata ile hitilafu tuliyokuwa tunaitafuta wiki nzima.

Kulikuwa na toleo jingine la 300F, la wachache. Kwa nje manifoldi zake zilifanana na zile ndefu, lakini ndani ukuta uliotenganisha njia ulikuwa umeondolewa kuanzia katikati, hivyo wimbi liliona paipu ya inchi 15 tu na kugeuka mapema. Toleo hilo lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 400. Nafikiri huo ni ujanja mzuri kuliko yote katika hadithi hii. Umbo lile lile, nafasi ile ile chini ya boneti, tabia tofauti kabisa kwa sababu ya ukuta usioonekana. Kwenye mchanga wa Daytona, mwaka huo huo wa 1960, gari la 300F lilikimbia maili moja kwa kasi ya karibu maili 145 kwa saa, kilomita 233.

Sasa nirudi gerejini.

Nilitaka nguvu yangu kwenye mizunguko 6,500, kwa sababu Corolla yangu naikimbiza kwenye autocross na huko injini hailali. Niliandika programu ndogo kwa Python, mistari arobaini ukihesabu na maelezo. Unaipa kasi ya injini, joto la hewa na digrii unazotaka, inakupa urefu wa paipu. Niliweka digrii 80. Jibu likawa sentimita 35. Nikachora kila kitu vizuri, nikachapisha, nikampelekea fundi.

Fundi huyu namwita Mzee, na yeye ananiita kijana, ingawa ni mimi ninayelipa. Aliutazama mchoro, akauliza swali moja. "Kijana, ukishachomelea, ukitaka kupunguza utafanyaje?" Nikamwambia hakutakuwa na kupunguza, hesabu imekwisha. Akasema afadhali tukate kila paipu katikati, tuunganishe kwa kipande cha hosi ya redieta na klipu mbili, tujaribu kwanza. Nilikataa. Nilimweleza kuhusu kasi ya sauti, kwa sauti ambayo nikiikumbuka leo naona haya. Hosi ingeharibu sura ya kazi yangu. Nilitaka aluminiamu tupu, mshono safi, picha nzuri.

Mzee hakubishana. Akasema tu kwamba aluminiamu si karatasi, na kwamba bei ya kuchomelea mara ya pili ni ile ile ya mara ya kwanza. Hapo pesa zikafanya kile ambacho heshima ilishindwa. Nilikuwa nimebakiza akiba ya kodi ya nyumba na kidogo cha kula. Tukakubaliana kuweka hosi, kwa muda tu.

Tulipolipeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, mstari ulipanda vizuri mpaka kama mizunguko 5,100, ukatulia, kisha ukaanza kushuka. Nilikuwa nimeahidiwa 6,500 na programu yangu mwenyewe. Nilishika tama. Nikalaumu kamshafti, nikalaumu petroli, nikalaumu mashine ya watu. Nilirudi nyumbani nikasoma mistari yangu arobaini mmoja mmoja, na haikuwa na kosa lolote.

Kosa halikuwa kwenye programu. Lilikuwa kwenye neno "urefu". Ndani ya programu, urefu ulianzia kwenye valvu, kama fizikia inavyotaka. Kwenye mchoro niliompa Mzee, urefu ulianzia kwenye uso wa silinda hedi, pale flenji inapofungwa. Kati ya sehemu hizo mbili kuna njia iliyo ndani ya hedi, na nilipoipima kwa kipande cha waya ilikuwa na sentimita 10. Paipu zangu kwa hakika zilikuwa za sentimita 45. Nikaiuliza programu sentimita 45 ni za kasi gani. Ikajibu mizunguko 5,080.

Kwa hiyo mahesabu yalikuwa sahihi, mashine ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekosea pale katikati yao. Waandishi wa programu wenzangu wanaijua aina hii ya kosa: vipande viwili vya mfumo, kila kimoja kizuri, vikielewa neno moja kwa maana mbili.

Marekebisho yalichukua asubuhi moja. Tulilegeza klipu, tukakata sentimita 10 kwa msumeno wa chuma kwenye kila paipu, tukazisogeza, tukakaza. Hakuna kilichochomelewa upya isipokuwa mabano mawili ya kushikilia chemba. Kama ningeshinda ule ubishi wa kwanza, manifoldi nzima ingekwenda kuuzwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Nilimwomba Mzee msamaha. Alisema hana habari na msamaha, ana habari na salio lake.

Ni baada ya hapo ndipo nilipokutana na habari za High and Mighty na zile hosi zake za mpira, na nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Watu waliokuwa na shahada, walioajiriwa na mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za magari duniani, walikuwa wamejenga manifoldi yao katika nusu mbili zenye mpira katikati. Mpira unameza mtikisiko, hilo ni kweli, na unasamehe paipu ambazo hazikunyooka sawasawa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kujaribu na kurekebisha anaona faida nyingine papo hapo. Kitu chenye mpira katikati ni kitu ambacho mjenzi wake amekubali kwamba huenda kitabadilika.

Historia iliyofuata ni ndefu, nitaipitia haraka. Mwaka 1962 Chrysler walitoa injini ya 413 ya mbio, iliyojulikana kama Max Wedge, yenye nguvu za farasi 410 au 420 kutegemea mgandamizo. Paipu zake zilikatizana kama za 300F lakini zilikuwa fupi, maana mtu wa robo maili hajali mizunguko 2,800. Ramchargers wenyewe walikuwa wameshatoka kwenye Plymouth ya kuchekesha na kuwa timu inayoogopwa. Mwaka 1964 injini ya 426 Hemi ilikwenda Daytona 500, Richard Petty akashinda, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa pia na magari yenye injini hiyo. Azimio la 1957 lilikuwa limeshakuwa karatasi tu.

Zile paipu za wima nazo ziliendelea na maisha yao. NHRA walipoanzisha daraja la Pro Stock mwaka 1970, manifoldi za tunnel ram zenye kabureta mbili zikawa sura yake, zikitokeza juu ya boneti chini ya kofia kubwa ya hewa. Kwa miongo mingi kila timu kubwa ilikuwa na mtu wake wa kukunja na kuchomelea bati za aluminiamu, akibadilisha urefu kwa milimita chache na kurudi kupima. Kabureta ziliondoka kwenye daraja hilo mwaka 2016 tu, nafasi yake ikachukuliwa na unyunyizaji wa kielektroniki.

Kwa magari ya barabarani mtego ulibaki ule ule: urefu mmoja, kasi nyingi. Corvette ya mwaka 1985 ilichagua paipu ndefu, ikawa na toki tamu chini na kukosa pumzi juu. Toyota walijaribu njia nyingine kwenye 4A-GE za kwanza: kila silinda ilipewa njia mbili, moja ikafungwa kwa kipepeo mpaka injini ipite mizunguko elfu nne na ushee. Mazda wakaenda mbali zaidi. Gari lao la 787B lililoshinda Le Mans mwaka 1991 lilikuwa na paipu zinazorefuka na kufupika zenyewe kadiri injini inavyozunguka, kama tromboni. Mwaka 2001 BMW wakaweka manifoldi inayobadilika urefu mfululizo kwenye V8 ya gari la kuendea ofisini. Katika Formula 1 ujanja huo ulipigwa marufuku mwaka 2006 na kuruhusiwa tena mwaka 2015. Ukitazama vizuri, yote hayo ni majibu ya lile swali la Mzee: ukitaka kupunguza utafanyaje?

Jambo moja la kwetu kabla sijamaliza, kwa sababu najua kuna mtu Nairobi ataanza kukata paipu wikendi hii. Mji wetu uko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza hapa karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Nilidhani basi paipu za Nairobi zinahitaji urefu wake wa pekee. Hapana. Kasi ya sauti haijali shinikizo la hewa, inajali joto. Joto la nyuzi 30 la Mombasa linaipandisha kasi hiyo hadi mita 349 kwa sekunde, na kwa paipu ya sentimita 35 tofauti hiyo ni milimita 6. Wimbi lako litarudi kwa wakati huku na kule. Litarudi tu likiwa limebeba hewa kidogo zaidi kule pwani.

Zile paipu sasa ni sentimita 25 nje na 10 ndani, na mstari kwenye mashine unapanda mpaka karibu na pale nilipotaka. Bado haujafika 6,500. Chemba yangu nadhani ni ndogo, na midomo ya paipu sikuipanua kama tarumbeta, niliiacha imekatwa butu kwa grainda. Hiyo ni kazi ya mwezi ujao. Hosi zipo bado, nne, nyeusi, na picha za gari si nzuri hata kidogo.

Jumamosi iliyopita nilimwonyesha Mzee picha ya High and Mighty kwenye simu. Alicheka jinsi lilivyoinuliwa, akauliza kama lilikuwa linavuka mto. Nikamweleza kuhusu zile paipu na mpira uliokuwa katikati. Akaitazama tena kwa muda, akaikuza picha kwa vidole viwili vyenye grisi, kisha akanirudishia simu na kuniuliza kama nimeleta ile gaskiti.